Anayejifundisha Hisabati Kigoma na vitabu visivyokubaliana

Anayejifundisha Hisabati peke yake hapa Kigoma huanza na kitabu kilichopatikana. Kingine atakipata baadaye kwa binamu aliyemaliza kidato cha nne, kingine kwa muuza vitabu chakavu aliyetandaza turubai pembeni mwa soko, kingine atatumiwa kwenye grupu la WhatsApp na kukisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mwaka ukiisha ana vitabu vinne au vitano, madesa aliyopiga kopi steshenari, na rundo la mitihani ya miaka iliyopita. Kwa macho ya jirani huyu amekamilika, kilichobaki ni juhudi yake tu. Keti naye jioni moja afanye maswali ndipo utaelewa kinachomkwamisha. Vitabu vyake havikubaliani, na hakuna hata kimoja kinachomwambia hivyo.

Ninaowazungumzia ni wengi. Kuna mtahiniwa wa kujitegemea anayerudia kidato cha nne baada ya kupata F ya Hisabati. Kuna dada wa Ujiji aliyeacha shule akiwa kidato cha pili, sasa ana watoto wawili na anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, ili afungue tena njia ya kidato cha nne. Kuna fundi simu pale Mwanga anayetaka kusomea umeme na ameambiwa bila Hisabati asijisumbue kuomba nafasi. Hata mwanafunzi aliyeko shuleni anaingia humu, maana shule nyingi za kata zina upungufu wa walimu wa Hisabati, na kipindi kisicho na mwalimu ni kipindi cha kujifundisha.

Mchanganyiko wa vitabu vyao una historia. Utayarishaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa serikali hadi sera ya mwaka 1991 ilipowafungulia mlango wachapishaji binafsi. Baadaye ikaundwa kamati ya kuidhinisha vifaa vya elimu, EMAC, iliyovipa ithibati vitabu vya wachapishaji mbalimbali, hivyo shule mbili za mji mmoja ziliweza kufundisha somo lilelile kwa vitabu viwili tofauti, vyote halali. Mwaka 2013, baada ya mbunge James Mbatia kupeleka bungeni hoja kuhusu udhaifu wa elimu, vitabu vikiwemo, kamati hiyo ikavunjwa na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudi Taasisi ya Elimu Tanzania, kitabu kimoja kwa kila somo. Januari 2024 utekelezaji wa mtaala mpya ukaanza, kwa awamu. Kwa wizara hizi ni zama zilizopishana, moja imeondoka na nyingine imeingia. Kwenye meza ya anayejisomea zama zote zipo kwa pamoja: kitabu cha zamani cha Kiingereza chenye muhuri wa maktaba fulani, viwili vya wachapishaji binafsi, kimoja cha Taasisi, na majibu yaliyochapwa na mtu asiyejulikana.

Watu hulalamikia makosa katika vitabu, na makosa yapo kweli. Mwaka 2017 vitabu vipya vya shule za msingi vilikutwa na makosa hadi suala likafika bungeni. Lakini kosa la uchapaji ni adui anayeonekana. Mtu akisoma mahali pameandikwa 7 × 8 = 54, atapiga hesabu mwenyewe na kujua kwamba kitabu kimekosea. Tatizo kubwa zaidi, na ambalo halisemwi, ni vitabu viwili vyenye usahihi ambavyo kila kimoja kimeamua jambo kwa namna yake kisha kikanyamaza. Hisabati imejaa maamuzi ya aina hiyo: alama ipi itumike, neno fulani libebe maana gani, namba fulani ihesabiwe kundi lipi. Mwalimu darasani huyabeba maamuzi haya kichwani na kuyatatua kwa sentensi moja, "hapa kwetu tunaandika hivi." Asiye na mwalimu huyapokea yote kama sheria za dunia, na sheria mbili zikigongana hujihukumu mwenyewe kwamba hana kichwa cha hesabu.

Kigoma tuna tabaka letu la ziada, nalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Burundi ni jirani, Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu kumekuwa na shule zinazofuata mitaala ya Kongo na Burundi, kwa Kifaransa. Watu wakivuka, vitabu navyo huvuka. Kwa desturi ya Kifaransa, kinachotenga desimali ni mkato. Pai ni 3,14 na kilo mbili na nusu ni 2,5. Sasa chukua 2,500. Mtanzania anasoma elfu mbili na mia tano. Aliyesoma kwa Kifaransa anasoma mbili na nusu, iliyoandikwa hadi sehemu ya elfu. Wote wawili wanaangalia wino uleule, na kati ya jibu la mmoja na la mwenzake kuna tofauti ya mara elfu moja.

Nukta nayo haijatulia. Vitabu vya zamani vya Kiingereza viliipandisha nukta ya desimali ikae katikati ya kimo cha tarakimu: 3·14. Vitabu vingi vya leo vikiweka nukta mahali hapo vinamaanisha kuzidisha, kwa hiyo maandishi hayohayo yanakuwa 3 mara 14, yaani 42. Na vile vya zamani vikitaka kuzidisha viliweka nukta chini, 1.2.3.4, na jibu ni 24. Ukifika kwenye namba zilizo kati ya 2 na 5, bila kuzihesabu 2 na 5 zenyewe, Mfaransa anageuza mabano kuelekea nje, ]2, 5[. Kitabu cha Kiingereza cha ngazi ya juu kitaandika (2, 5). Alama hiyohiyo, (2, 5), kurasa chache mbele kwenye grafu, ni mahali pamoja tu: mbili kwenda kulia, tano kwenda juu. Kijana aliyezaliwa Nyarugusu anayetaka kufanya mtihani wa Tanzania anabeba mizigo hii yote, na akikosea swali atasahihishwa kama mtu asiyejua desimali, wakati anazijua vizuri.

Mfano wa pili uko ndani yetu wenyewe, na naamini umeumiza watu wengi kuliko huo wa kwanza. Kila aliyepita shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kizuri cha kukumbuka mpangilio wa matendo. Shida ni kwamba watu hukichukua kama foleni ambayo aliye mbele lazima ahudumiwe kabisa kabla ya aliye nyuma. Tupime kwa 10 − 3 + 2. Ukifuata foleni kwa uaminifu, kujumlisha kunatangulia kutoa, kwa hiyo 3 + 2 ni 5, na 10 − 5 ni 5. Jibu sahihi ni 9, na hapa hakuna mjadala popote duniani. Ulikuwa na shilingi 10,000, ukanunua dagaa wa 3,000, halafu mtu akakulipa deni lake la 2,000. Hakuna mchuuzi hapa Kibirizi atakayekubali kwamba umebaki na 5,000.

Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa. Vinafanywa kwa kufuata mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia, na alama ya kutoa inaishika namba iliyo mbele yake tu. Ni 3 peke yake inayotolewa, ile 2 haihusiki. Ukishaelewa hivyo, unaweza hata kupanga upya, 10 + 2 − 3, na jibu halibadiliki.

Kugawanya na kuzidisha navyo vina hadhi sawa, lakini humo foleni ya MAGAZIJUTO haiumizi. Jaribu 24 ÷ 4 × 2. Ukigawanya kwanza unapata 6 × 2, yaani 12, ambalo ndilo jibu. Jaribu 24 × 2 ÷ 4. Ukianza na 2 ÷ 4 unapata nusu, na 24 mara nusu ni 12, sawa na ukienda kutoka kushoto. Kutanguliza kugawanya ni salama daima. Kutanguliza kuzidisha ndiko kunakoharibu, kwa sababu 24 ÷ 4 × 2 itageuka 24 ÷ 8, na jibu litakuwa 3. Vitabu vya Marekani vina kifupisho chao ambacho kinataja kuzidisha kabla ya kugawanya. Basi anayejisomea akipakua kitabu cha huko na kukisoma kama foleni, anapatia kwa kitabu kimoja na kukosa kwa kingine, na anachoweza kuhitimisha ni kwamba Wamarekani wana hesabu yao. Kumbe hesabu ni moja. Vifupisho ndivyo vifupi mno, na ni kitabu kilichopaswa kumwambia.

Halafu kuna swali la "ya". Kiasi gani ni 12 ÷ ½ ya 6? Vitabu vilivyofuata desturi ya zamani ya Kiingereza vinaipa "ya" nafasi ya juu, kabla ya kugawanya. Nusu ya 6 ni 3, na 12 ÷ 3 ni 4. Vingine vinaichukulia "ya" kama kuzidisha kwa kawaida na kwenda kutoka kushoto. 12 ÷ ½ ni 24, mara 6 ni 144. Swali moja, 4 au 144. Hili halifanani na lile la 10 − 3 + 2. Kule mmoja alikuwa amekosea. Huku kila mmoja ana haki ndani ya mkataba wake, na tiba pekee ya kweli ni mabano. Mtunzi wa kitabu anayeacha swali kama hili bila mabano na bila kutaja amechagua mkataba upi amemwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Ona jinsi kesi hizi mbili zilivyo tofauti kwa asili, na jinsi zinavyofanana kwa mtu aliye peke yake. Zote humfikia kwa sura ileile: jibu lake halilingani na la nyuma ya kitabu. Kujua kwamba hapa nimekosea kweli na pale tumetofautiana mkataba tu ni ujuzi mkubwa wa Hisabati, pengine mkubwa kuliko kanuni nyingi zilizowekewa sura nzima. Na ni ujuzi ambao muhtasari wa somo hauutaji popote.

Logarithimu zina kisa chao. Kitabu cha zamani, kile cha enzi za majedwali, kitakwambia logarithimu ya 0.02 ni 2.3010 yenye kistari juu ya ile 2 ya mbele. Kikokotoo kitakwambia ni −1.6990. Mtu mzima mwenye akili zake ataziangalia na kuona namba mbili zisizohusiana kabisa. Kistari kile kinamaanisha kwamba 2 peke yake ndiyo hasi na 0.3010 ni chanya. Fanya hesabu, −2 + 0.3010, utapata −1.6990 ileile. Waliobuni uandishi huo walikuwa na sababu ya maana sana: tarakimu 3010 zinabaki zilezile kwa 2, kwa 20, kwa 0.2 na kwa 0.02, kwa hiyo mstari mmoja wa jedwali unahudumia namba zote hizo. Kilichobadilika ni sehemu ya mbele tu. Ni uvumbuzi mzuri, na nasikitika kwamba unafundishwa kama adhabu. Vitabu vipya vinataja kistari kwa haraka, vya zamani havikujua kwamba kikokotoo kitakuja kuwa ndani ya kila simu, na msomaji amebaki katikati akiwa na majibu mawili.

Sura ya dunia kama tufe, ya kidato cha tatu, inatupa mfano ambao watu wa huku tunaweza kuupima kwa ardhi yetu. Kigoma na Tabora zote ziko karibu na latitudo ya 5 kusini. Kwa kukadiria, Kigoma iko longitudo ya 30 mashariki na Tabora ya 33. Umbali kati yake kwa kufuata latitudo ni sehemu 3 kati ya 360 za mzingo wa dunia, mara kosaini ya nyuzi 5, ambayo ni 0.9962. Kitabu kimoja kinasema nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,400 na pai ni 3.14. Mzingo unakuwa kilomita 40,192, na umbali wetu 333.7. Kitabu kingine kinasema 6,370 na 22/7. Mzingo unakuwa 40,040, na umbali 332.4. Nyuma ya kila kitabu kuna jibu moja, bila kusema kwamba lingeweza kuwa jingine. Mwandishi wa pili alichagua 6,370 kwa sababu inagawanyika kwa 7, hivyo 22/7 inakata vizuri bila masalia. Sababu hiyo ni ya kazi za mikono, haina uhusiano na umbo la dunia, na msomaji akiambiwa ataielewa mara moja. Asipoambiwa, atakesha akitafuta kilomita moja na robo iliyopotea kati ya Kigoma na Tabora.

Pai yenyewe inaonewa. Wengi wanaamini 3.14 ndiyo "ya kweli" kwa sababu ni desimali na 22/7 ni ya kurahisisha. Pai ni 3.14159 na kuendelea. Zote mbili ni makadirio, na 22/7 ndiyo iliyo karibu zaidi. Duara lenye nusu kipenyo cha 7 lina eneo la 154 kwa 22/7 na 153.86 kwa 3.14, na mwanafunzi aliyepata 153.86 hana haja ya kufuta kitu.

Kuhusu fasili nitapita haraka, ingawa nazo zinaleta mikwaruzano. Je, 0 ni namba ya kuhesabia? Vitabu vyetu vinaanza na 1, vya Kifaransa vinaanza na 0. Je, mraba ni mstatili? Kwa anayesema mstatili ni pembenne yenye pembe nne za mraba, ndiyo. Kwa kitabu kinachoongeza kwamba urefu na upana lazima vitofautiane, hapana. Je, msambamba ni trapeza? Inategemea kama trapeza inahitaji jozi moja tu ya pande sambamba au angalau jozi moja. Na 1 je, ni namba tasa? Mwaka 1914 Mmarekani Derrick Norman Lehmer alichapisha orodha ndefu ya namba tasa, hadi zaidi ya milioni kumi, na orodha ile ilianza na 1. Leo hakuna kitabu cha shule kitakachoikubali.

Hilo la 1 nitalisimamia kidogo kwa sababu linaonyesha kwamba maamuzi haya hayatolewi hewani. Tunataka kila namba iwe na njia moja tu ya kuvunjwa kuwa tasa. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, basi. Ukiruhusu 1 iwe tasa, 60 itakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na kuendelea bila mwisho, na ile habari njema ya njia moja inakufa. Wanahisabati waliitoa 1 kwenye orodha ili kulinda kitu chenye thamani. Mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba 1 si tasa kwa sababu ndivyo ilivyo amenyimwa sehemu tamu zaidi.

Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa kama mmoja kati ya watano. Sitaki kudai kwamba vitabu ndivyo vilivyowaangusha wale wanne. Uhaba wa walimu, madarasa yaliyofurika, na lile ruka la ghafla kutoka Hisabati ya Kiswahili darasa la saba hadi ya Kiingereza kidato cha kwanza vina uzito wake, na vimeandikwa sana. Ninachodai ni kwamba kwa anayejisomea, kutokukubaliana kwa vitabu kuna madhara ya namna yake. Kunavunja imani. Hisabati ni somo pekee ambalo mtu anaweza kujihakikishia jibu bila kumuuliza yeyote, na hapo ndipo uzuri wake ulipo kwa maskini asiye na tuisheni. Mara vitabu viwili vikimpa majibu mawili na yeye hajui kwa nini, anaacha kuhakikisha na kuanza kukariri. Anamkariri mtunzi mmoja, anaomba Mungu mtihani utoke kwa mtunzi huyo. Nimewaona watu wazima wenye akili kali, wanaokokotoa faida ya boti nzima ya migebuka kichwani kabla haijafika mwaloni, wakiinama mbele ya karatasi yenye 2x na kusema hili si la kwao.

Kuna wanaosema dawa ilishapatikana 2013, kitabu kimoja kwa nchi nzima. Naiheshimu sababu yake, na ni kweli kwamba Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vyake kwenye maktaba mtandao ambako mwenye bando anavisoma bure. Hilo ni jambo kubwa kwa mkoa ulio mbali kama wetu. Lakini kitabu kimoja darasani hakifuti vitabu vya mtaani, na mtaala ukibadilika kila baada ya muda, kitabu kimoja cha leo kinakuwa kitabu chakavu cha sokoni kesho, chenye mpangilio wa mada tofauti na kilichokifuata. Tena kitabu kimoja kinaweza kuficha maamuzi yake vizuri zaidi kuliko vitano, kwa kuwa hakuna cha kukilinganisha nacho. Mwanafunzi atakutana na mkato wa Mfaransa au pai nyingine siku atakapofika chuoni au kazini, na atashtuka akiwa mkubwa.

Wengine, hasa walimu wa vyuo, wanasema tofauti hizi zinakomaza. Msomi wa kweli anasoma waandishi wengi. Nakubali kwa mtu ambaye tayari ana msingi. Kumpa anayeanza vitabu vitano vinavyopingana kimyakimya ni kumpa fundi mwanagenzi tepu ya futi na tepu ya mita zilizofutika maandishi, kisha umwambie ajenge.

Kwa aliye mezani sasa hivi, ushauri wangu ni huu. Achague kitabu kimoja kiwe nguzo, hata kama si bora kuliko vyote, mradi kina mada zote za fomati ya mtihani anaoulenga. Vingine viwe mashahidi, vya kufunguliwa nguzo inapokuwa haieleweki. Mwishoni mwa daftari atenge kurasa za mikataba: kitabu hiki kinaandika desimali hivi, kile kinachukua pai hii, huyu anahesabu 0, yule hahesabu. Kurasa hizo zitamwokolea saa nyingi kuliko maelezo yoyote ya ziada. Na kabla ya kuamini jibu la nyuma ya kitabu, alirudishe kwenye swali. Swali linasema 3x − 5 = 16, yeye amepata 7, kitabu kinasema 11/3. Weka 7: 21 − 5 ni 16, imekubali. Weka 11/3: 11 − 5 ni 6, imekataa. Kitabu kimekosea, na hata mahali kilipokosea panaonekana: mtu alitoa 5 kutoka 16 badala ya kuiongeza. Siku mtu anapomkamata mwandishi kwa namna hiyo, kwa mkono wake mwenyewe, anabadilika.

Asome pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani huzitoa, zinazoeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi. Ni hazina ambayo wengi hawaifungui. Ndani yake mtu anaona jinsi msahihishaji anavyofikiri, na hakuna kitabu cha sokoni kinachompa hilo.

Lakini sikubali mzigo wote ubaki kwa dada wa Ujiji. Kitabu cha Hisabati kinaweza kuanza na ukurasa mmoja unaosema wazi: humu desimali ni nukta na maelfu yanatengwa kwa mkato, humu pai ni hii pasipotajwa nyingine, humu namba za kuhesabia zinaanza na 1, humu "ya" inatangulia kugawanya, humu mraba ni aina ya mstatili, na mahali pengine utakuta tofauti, nazo si makosa. Uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa vile msomaji wake ana mguu mmoja huku na mwingine kule, na toleo la Kigoma halitaharibika likiongezewa mstari kuhusu desturi ya Kifaransa. Maktaba ya mkoa ingeubandika ukutani, na vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima vingeutoa kopi kwa kila anayejiandikisha. Vitabu vya mtaala mpya vinatoka kwa awamu, na vile vya madarasa ya juu ambavyo havijafika kiwandani bado vina nafasi ya kuwekewa ukurasa huo.